Pancha kwenye njia nne

Nimekaa Mbezi, Dar es Salaam, miaka kumi na nane. Barabara kubwa isiyo na gari naijua ya saa tisa usiku tu. Mwezi wa saba nimeiona saa saba mchana, Dodoma, na moyo haukutulia.

Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu anayekaa Veyula, nje kidogo ya mji. Treni sina la kusema: shilingi 31,000, kiti safi, kiyoyozi kikali hadi nikajitanda kanga mbili. Balaa lilinisubiri nje ya stesheni. Bajaji wa kwanza alitaja elfu ishirini na tano bila hata kupepesa. Wa pili, kijana mwembamba, akasema kumi na tano. "Ila dada, mjini tusipite. Tuzungukie barabara ya nje, kule mteremko tu."

Mteremko!

Barabara yenyewe ni ile ya mzunguko: kilomita 112.3, njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nia yake ni kwamba malori ya Singida, Rwanda na Kongo, pamoja na yanayotoka Arusha kushuka Iringa, yasije kubanana na bajaji katikati ya jiji. Hapo sina ugomvi. Lakini tulipoingia kutokea Nala nilidhani imefungwa. Lami nyeusi tii, mistari myeupe kama imepakwa jana, mbuyu huku, mbuyu kule, na sisi. Kijana akawa anahama njia kwa raha zake, mara kushoto, mara kulia, kama mtoto aliyepewa chumba cha peke yake.

Tairi la nyuma likapasuka.

Spea hana. Nikamuuliza fundi pancha wa karibu yuko wapi, akacheka kwanza. Kwetu Mbezi ukipata pancha, hata injini hujazima, kijana kashafika na jeki. Tairi kuukuu limening'inizwa mtini, pembeni mama wa mihogo, muuza maji, na wanaume sita wasio na kazi wakikuelekeza nati ifunguliwe vipi. Watu hao hao huwa nawalaani kila asubuhi kwa kuziba njia. Pale Dodoma sikuona kibanda wala kivuli. Nani akae auze, na amuuzie nani? Ikapita bodaboda moja, kijana akapanda na tairi lake mapajani, mimi nikaachwa kulinda bajaji.

Nikaanza kuhesabu. Kwa saa moja na dakika kumi vilipita vyombo tisa: malori matano, Noah mbili, STK moja ya serikali iliyotikisa bajaji zima kwa upepo wake, na baiskeli ya mkaa iliyokuja upande usio wake bila haraka yoyote.

Hatua kama mia mbili mbele kulikuwa na mzee. Kaanika uwele kwenye bega la barabara, kauzungushia mawe kama ua, anaugeuza kwa mguu mtupu. Kila unyayo ulichora mfereji, na mfereji ukijifunga nyuma yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbukwenyi, mjukuu wangu. Mmeharibikiwa?"

Nikamuuliza kama haogopi magari. "Magari yapo mengi," akasema, "ila yanakuja moja moja." Akanieleza kwamba lami inakausha haraka kuliko udongo, na uwele hautoki na mchanga. Kero yake ni mbuzi tu. Shamba lake limebaki ng'ambo; anavuka njia mbili, anapumzika katikati, anavuka mbili nyingine. Mbuzi zamani walivuka mbio. Siku hizi wanajilaza.

Nikamkumbuka baba mdogo. Mwaka 2017, bomoabomoa ya Kimara hadi Kibaha, nyumba yake ilipigwa X nyekundu, tukalia, tukabeba mabati. Zikaja njia nane. Leo ukipita jioni unakaa kwenye foleni juu ya sebule yake. Ndiyo maana nilikuwa naamini kwamba barabara hujaa yenyewe, ukishamwaga lami tu. Hii ya Dodoma inangoja. Labda hapa kungoja ni mazoea: mji uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na serikali ikaanza kuhamia kwelikweli baada ya 2016. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 765,179 katika jiji lote. Gari zitakuja, sibishi. Lakini shamba la babu lilihamia ng'ambo siku ile ile lami ilipomwagwa.

Kijana akarudi, akafunga tairi, akaomba elfu tano ya pancha. Tairi lake, pancha yake, pesa yangu! Nikabisha, jua likanishinda, nikatoa.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Kabla ya salamu kwisha nikafungua pindo la kanga nimwonyeshe uwele alionifungia babu. Akatupia chache mdomoni, akatafuna, akasita, akatema kokoto jeusi kiganjani.

"Wa barabarani huu," akasema, akaendelea kutafuna.