Nilivyojifunza kuzisoma takwimu za Ross Barnes

Napenda besiboli ya karne ya 19, ila namba zake zilinisumbua sana mpaka nilipokutana na Ross Barnes, mlinzi wa besi ya pili (besi ni vituo ambavyo mpigaji hukimbilia baada ya kupiga mpira) wa timu ya Chicago White Stockings ya Marekani mwaka 1876, msimu wa kwanza wa ligi ya National League. Sehemu moja wastani wake wa kupiga ni 0.429, kwingine 0.404. Msimu ni huohuo, mtu ni yuleyule.

Nikachukua kikokotoo, nikarudi kwenye namba zenyewe: mipigo salama 138, yaani iliyomfikisha besi, katika zamu 322 za kupiga. Ukigawanya unapata 0.429. Kisha nikaona alipewa besi ya kwanza bure mara 20, pale mrushaji alipokosa shabaha. Nikazijumlisha na zile zamu, zikawa 342, nikagawanya upya. Ikatoka 0.404! Kumbe enzi hizo besi ya bure ilihesabiwa kuwa zamu iliyopotea, wakati leo haiingii kabisa kwenye hesabu ya wastani. Mwaka 1887 waligeuza kanuni tena, besi ya bure ikahesabiwa kuwa mpigo salama.

Tangu hapo naanza na kanuni za mwaka husika, ndipo naangalia takwimu. Mwaka 1876 mrushaji alisimama futi 45 tu kutoka kwa mpigaji, akirusha kwa mkono wa chini, na mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini. Tena mpira uliodunda ndani ya mstari wa pembeni wa uwanja kisha ukatoka nje ulikuwa halali. Barnes alikuwa fundi wa hilo: aliuchapa chini, ukadunda karibu naye, ukachomoka pembeni, walinzi wakaukimbilia huko nje naye keshafika besi.

Kanuni hiyo ya mpira uliodunda ndani ilifutwa 1877, wastani wake ukashuka hadi 0.272, na wengi husema hapo ndipo alipokwisha. Mimi sikubali upesi hivyo. Tazama safu ya mechi: alicheza 22 tu, kwa sababu aliugua.

Jambo jingine ni miaka yake mitano Boston, 1871 hadi 1875, katika National Association, ligi iliyotangulia National League. Kamati ya kumbukumbu za besiboli iliamua mwaka 1969 kwamba ile haikuwa ligi kuu, kwa hiyo orodha nyingi humpa misimu minne tu. Kwangu huo ni uonevu. Mwaka 1872 na 1873 alipita 0.400, akiwakabili warushaji bora wa wakati wake. Jedwali langu linaanzia 1871.