Juisi nzito ya embe, nanasi na pasheni: kwa nini sisagi tena kila kitu kwa mkupuo mmoja

Juisi ya matunda inayosagwa nyumbani ina kasoro zinazojirudia. Maji hujitenga na nyama ya tunda kabla glasi ya pili haijamiminwa. Uchungu hafifu hubaki kooni. Ulimi hukutana na chenga za mbegu. Barafu nayo ikishayeyuka, kinachobaki ni maji yenye rangi. Nilizoea kuzifunika kasoro hizo kwa sukari, na sukari haiondoi hata moja. Mambo yalibadilika nilipoacha kurundika matunda yote ndani ya blenda na kusaga kwa mkupuo mmoja. Embe linataka kusagwa hadi liwe laini kabisa. Pasheni haitaki kisu cha blenda. Tangawizi ni lazima ichujwe kabla haijakutana na chochote. Kila kimoja kikipewa haki yake, sukari inayohitajika ni kidogo sana, na mara nyingine haihitajiki kabisa.

Vipimo vyangu hutoa zaidi kidogo ya lita moja, yaani glasi nne kubwa: gramu 400 za embe na gramu 300 za nanasi, yote yakiwa yameshamenywa, pasheni 6 kubwa, kipande cha tangawizi cha sentimita 3, kama gramu 10 hivi, ndimu moja, mililita 400 za maji ya kunywa yaliyopozwa, na chumvi kidogo sana, ile inayokamatika kwa ncha za vidole viwili. Napima baada ya kumenya kwa sababu idadi ya matunda hudanganya. Embe moja linaweza kuwa na kokwa kubwa na nyama kiduchu, na nanasi hupoteza karibu nusu ya uzito wake kwenye ganda, macho na majani. Asiye na mizani atumie kikombe kimoja kwa vyote: vikombe viwili na nusu vya embe lililokatwa, viwili vya nanasi na viwili visivyojaa vya maji. Uwiano ndio unaobeba juisi hii.

Matunda yenyewe ndiyo nusu ya kazi. Rangi ya ganda la embe haisemi mengi, kwa kuwa aina nyingine huiva zikiwa bado za kijani. Nanusa karibu na kikonyo: embe lililoiva hutoa harufu hata kabla halijakatwa, na likibonyezwa kidogo hubonyea. Embe gumu lisilo na harufu naliacha siku mbili tatu nje ya friji, nalo litaiva. Nanasi haliko hivyo. Likishavunwa, utamu wake hauongezeki tena. Ganda litageuka manjano na nyama italainika, lakini sukari ni ile ile liliyotoka nayo shambani. Kwa hiyo nanasi lisilo na harufu tamu kwenye kitako silinunui kwa matumaini ya kulisubiri. Kitako ndiko kwenye utamu mwingi kuliko upande wa majani, na nikitumia nusu tu ya nanasi natumia nusu hiyo ya chini. Pasheni ni kinyume cha macho: ile laini inayong'aa ina uchachu mkali, na ile iliyoanza kukunjamana ganda ndiyo yenye utamu, ilimradi bado ni nzito mkononi. Ikiwa nyepesi, imekauka ndani.

Matunda yote naosha kwa maji yanayotiririka hata yale ya kumenywa. Kisu kikipita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani ya nyama, na juisi hii haipikwi.

Naanza na tangawizi. Naikata vipande vyembamba sana kwa kukatisha nyuzi zake, naiweka kwenye blenda pamoja na moyo wa nanasi, yaani ule mti mgumu wa katikati ambao wengi huutupa, na mililita 250 za maji. Nasaga sekunde 40, nachuja kwa chujio lenye matundu madogo na kukamua makapi kwa mgongo wa kijiko. Maji hayo ndiyo msingi wa juisi yote. Moyo wa nanasi una harufu nzuri na utamu kiasi, shida yake ni nyuzi tu, na nyuzi zinabaki kwenye chujio. Tangawizi ikisagwa pamoja na embe, nyuzi zake hujificha kwenye uzito wa embe na hazichujiki tena bila kupoteza nusu ya juisi. Na ikizidi gramu 15 kwa kiasi hiki, koo linaungua na embe halisikiki. Heri ipungue.

Pasheni ndipo juisi nyingi zinapoharibikia. Mbegu yake ikivunjwa na kisu huacha vidoadoa vyeusi, chenga kama mchanga, na uchungu ambao watu wengi hudhani umetoka kwenye ganda la ndimu. Hakuna sukari itakayouondoa. Mimi nakwangua ndani ya pasheni kwa kijiko, namimina kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli, naongeza vijiko vitatu vya maji kutoka kwenye ile akiba ya mililita 150 iliyobaki, kisha nazungusha na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko kwa dakika mbili hivi. Mbegu hubaki safi, nyeusi na kavu. Zikiwa bado zimeshikwa na utando wa manjano, kazi haijaisha, maana harufu nyingi imo kwenye utando huo. Mwenye pasheni nyingi anaweza kutumia blenda kuachanisha mbegu na utando, lakini kwa kubonyeza na kuachia mara tatu, sekunde moja kila mara, halafu achuje. Ikizidi mara tatu, mbegu zinaanza kuvunjika.

Embe lenyewe linahitaji umajimaji kidogo mwanzoni. Nikilitia na maji yote, vipande vinaelea na kukimbia kisu, na juisi inatoka na mabonge madogo. Namimina kwanza kama mililita 150 za yale maji ya tangawizi, ndipo embe lifuate juu yake. Maji yakiwa chini, kisu kinapata cha kushika mara moja. Matunda yakitangulia, kisu kinachimba shimo la hewa katikati na kuzunguka bure huku mota ikipata joto. Hilo likitokea, usiongeze kasi. Zima, sukuma matunda chini kwa mwiko wakati blenda imesimama kabisa, ongeza vijiko viwili vya maji, washa tena. Embe nasaga sekunde 45 hadi dakika moja, mpaka uso uwe unang'aa kama rangi ya mafuta. Likiwa ni aina ya nyuzi nyingi, utaziona zimejisokota kwenye kisu. Hapo nalipitisha kwenye chujio lenye matundu makubwa kidogo kabla ya kuendelea.

Ulaini huu wa embe ndio unaozuia juisi kujitenga. Nyama ya embe ina pektini, ile ile inayogandisha jamu, na ikisagwa vizuri hushikilia maji. Vipande vikubwa havishiki kitu. Wapo wanaoongeza ndizi ili juisi iwe nzito, nayo kweli huwa nzito, ila ndizi ina sauti kubwa: ikizidi nusu ya ndizi moja, juisi nzima inanukia ndizi, na baada ya saa moja inaanza kuwa na rangi ya kahawia. Ndimu hupunguza kasi ya weusi huo lakini hairudishi harufu iliyomezwa.

Nanasi linaingia mwisho, pamoja na maji ya tangawizi yaliyobaki na ile akiba, kwa sekunde 20 tu. Nanasi hutoa povu kuliko matunda mengine yote haya, na povu ni hewa. Hewa ndiyo inayobeba makapi juu na kuacha maji chini. Kadiri blenda inavyokwenda kasi ikiwa imejaa nusu, ndivyo inavyovuta hewa zaidi, kwa hiyo mzunguko huu wa mwisho nauendesha kwa kasi ya chini au ya kati, na jagi la blenda halizidi theluthi mbili. Likiwa dogo nasaga kwa awamu mbili na kuchanganya kwenye bakuli. Halafu nazima na kukoroga kwa mkono: juisi ya pasheni, ndimu na chumvi haviingii kwenye blenda kabisa.

Ndimu nakamua juu ya chujio kwa sababu ya mbegu, na sikamui mpaka ganda lipinduke. Utando mweupe wa ndani ni mchungu, na juisi iliyokaa na mbegu za ndimu zilizosagwa huzidi kuwa chungu kadiri muda unavyokwenda. Naanza na nusu ndimu. Pasheni zikiwa kali, nusu ya pili haihitajiki. Chumvi nayo si ya kusikika. Ukisikia chumvi, umezidisha. Kazi yake ni kupunguza uchungu na kuuachia utamu wa tunda nafasi.

Kuonja kuna hila yake. Ulimi husikia utamu kidogo zaidi kitu kinapokuwa baridi, kwa hiyo juisi iliyo sawa kabisa ikiwa vuguvugu itaonekana kupwaya ikitoka kwenye friji. Naipoza kwanza dakika 30, naionja, ndipo naamua kuhusu sukari. Ikihitajika naweka shira, si sukari kavu: kipimo kimoja cha sukari na kimoja cha maji, vikachemshwa mpaka sukari iyeyuke, vikapoa. Sukari kavu huyeyuka polepole kwenye juisi baridi na kutuama chini, mnywaji wa mwisho akapata yote. Kijiko kimoja cha chakula kwa mara moja, koroga, onja. Sijawahi kuvuka vijiko vinne kwa kiasi hiki nikiwa na matunda yaliyoiva. Anayependa asali aitumie, lakini kinywaji hicho asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Barafu siweki ndani ya jagi. Badala yake nakata embe vipande vya sentimita 2, navitandaza kwenye sinia visigusane, navigandisha saa 4 hadi 6, kisha navikusanya kwenye mfuko. Visipotandazwa huganda bonge moja ambalo blenda ya kawaida haiwezi kulivunja. Nusu ya embe, gramu 200, ikiwa imegandishwa, juisi hutoka baridi na nzito moja kwa moja na haipungui ladha ikikaa. Vipande hivyo vinaingia baada ya embe lisilogandishwa kusagika, kidogo kidogo, na dakika moja ya kusaga haipitwi bila kuipumzisha mota. Anayetaka barafu kwenye glasi agandishe juisi yenyewe kwenye visahani vya barafu.

Kuhusu maziwa na mtindi nataka kueleweka vizuri, kwa sababu hapo watu hupoteza jagi zima. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunjavunja protini. Maziwa yakikaa nalo hata nusu saa huanza kuwa machungu, na tindikali ya nanasi, pasheni na ndimu inayakata. Papai na tangawizi mbichi vina vimeng'enya vya namna hiyo pia. Kwa hiyo nikitaka kinywaji cha maziwa natumia embe peke yake au embe na ndizi, maziwa yakiwa baridi sana, na kinanywewa papo hapo. Nikilazimika kuweka nanasi, nalichemsha dakika 5 hadi 10 na kulipoza. Joto huua kimeng'enya hicho, ingawa harufu ya ubichi inapungua, na mtindi hulivumilia kuliko maziwa. Tui la nazi ni salama zaidi kwa upande wa kukatika, lakini mafuta yake huganda kwenye baridi na kuacha vipunje vyeupe. Tui nalisaga na embe ambalo halijagandishwa, na jagi hilo siliweki friji zaidi ya muda wa kupoa.

Papai lenyewe linaweza kuchukua nafasi ya embe gramu kwa gramu msimu wa embe ukipita. Mbegu zote zitoke, hata moja isibaki, maana zina ukali kama wa pilipili, na ndimu iwe nzima badala ya nusu, kwa kuwa papai halina uchachu wake.

Juisi iliyokwisha natia kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto, naijaza mpaka karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, na kuiweka kwenye friji ya nyuzi joto 4 au chini yake. Ndani ya saa 24 inakuwa bado na harufu yake. Baada ya hapo pasheni inafifia kwanza, halafu embe linaanza kunukia kama limepikwa. Ikijitenga kidogo ni kuitikisa tu. Ikitoa viputo chupa ikiwa imetulia, au kifuniko kikitoa mlio wa hewa kinapofunguliwa, imeanza kuchacha na naimwaga. Iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili siirudishi friji.

Blenda naisuuza dakika ile ile: maji nusu jagi, tone la sabuni, sekunde 20 za kuzungusha, kisha nafungua kisu na kuondoa mpira wake wa chini. Nyuzi za embe hujificha chini ya mpira huo, na zikilala humo usiku mmoja, juisi ya kesho yake itanuka uchachu hata matunda yakiwa mapya.