Siku Tulipopiga Sakafu

"Bibi, mbona Wazungu wanalala darini na wewe unalala uani?"

Swali la mwanangu wa mwisho, wiki iliyopita, tena mbele ya wageni wenyewe. Bahati njema Kiswahili chao kinaishia kwenye "jambo". Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Wao wanalipa, mjukuu wangu. Mimi nani atanilipisha?"

Nilicheka na mimi. Halafu nikapanda kubadilisha mashuka, na nilipoikanyaga ile sakafu miguu mitupu, nikaikumbuka siku tuliyomaliza kuipiga.

Ya kabla yake, tulipokuwa tunaitengeneza upya nyumba ya familia ili tupangishe wageni, nayapitia mbio, maana yalikuwa ya kuchosha tu: simu za ndugu wa Unguja na Muscat, kila mmoja na fungu lake la urithi, vibali, mbao zilizokwama bandarini Mkoani, huku kwetu Pemba. Nyumba yenyewe ni ya shamba, mawe na chokaa, na uwanja wa kuanikia karafuu mbele. Marehemu ami aliwahi kuipiga plasta ya saruji kwa chini, kwa nia njema kabisa. Saruji ikaufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikapanda, na kila masika plasta ikawa inabanduka vipande vipande. Fundi wetu, mzee asiyependa maneno, aliitoa yote kwa tindo kabla hajakubali hata kikombe cha kahawa. "Ukuta wa chokaa unataka kupumua," alisema, akaendelea kugonga.

Boriti za darini nazo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mkoko haukatwi ovyo, kwa hiyo tulingoja. Kuna mgeni aliwahi kuniuliza kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba hivi, nikamwonyesha juu. Boriti ya mkoko iliyonyooka haizidi sana mita 3, basi na chumba hakizidi hapo. Urefu jenga utakavyo, upana umeshaamuliwa na mti.

Boriti mpya zikapanda, mawe yakapangwa juu yake, ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto. Fundi akasema hapa mashine haina kazi, anataka watu na vipande, vile vigongo vya kupigilia. Mama akapiga simu zake. Wakaja wanawake wa kijiji kizima, na vijana waliodhani wamekuja kula pilau tu.

Kupigilia ni kazi ya siku kadhaa. Ninayoikumbuka mimi ni ya mwisho, kwa sababu ya shangazi. Magoti yalikuwa yameshamkataa, tukambeba na kiti chake hadi juu, akawekwa kwenye kona. Sakafu hizi alizipiga akiwa msichana, na hakuwa na huruma na mtu.

"Wewe, unaua nyoka? Taratibu! Huyu akishusha, mwenzake ainue."

Akaanzisha wimbo. Ubeti wa pili ukampotea, mama akaudaka, ukampotea na yeye, na wasichana wakatunga wao wa kumtania fundi. Mtu akinyunyiza maji, vipande vikishuka, jasho likichuruzika usoni na vumbi jeupe kwenye nyusi. Mwanzo mlio ulikuwa mzito, wa kitu kibichi. Fundi akainama, akaweka kiganja. "Bado." Tukapiga. "Bado." Mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge na nilishaanza kumchukia mzee wa watu. Baada ya alasiri mlio ukaanza kubadilika, ukawa mkavu, kona moja kwanza, kisha ukasambaa. Shangazi ndiye aliyeinua mkono kabla ya fundi. Wote tukanyamaza.

"Chumba hiki atalala nani?" akauliza.

"Wageni, shangazi. Ndicho chenye upepo."

Akatuangalia mmoja mmoja, mimi, kaka, mama. "Ikikauka, wa kwanza kulala humu ni mimi. Huyo mgeni wenu atanifuata."

Tulidhani maneno tu. Lakini usiku wa kuamkia wageni wetu wa kwanza, watu waliokuja kuwaona popo wa msitu wa Ngezi, alifika na mkoba wake na mto wake. Asubuhi akalalamika godoro ni laini mno, dirisha linalia, kisha akakaa mezani mikono mapajani. "Chai yangu iko wapi? Si mnauza kitanda na chai?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Kaka alicheka. Mimi niliandaa meza kama ya mgeni, kisha nikafungua daftari jipya la wageni na kuandika jina lake mstari wa kwanza. Sehemu ya malipo niliiacha wazi. Kaka ndiye mshika hesabu wetu, na kila mwisho wa mwaka huniuliza deni lile alifute au aliache.