Hapana Hofu ya Mungu Mahali Hapa

Somo: Mwanzo 20:1–18

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Tafakari ya juma hili imetokana na swali la kijana mmoja katika kikundi cha Biblia: mtu asiyemwamini Mungu anaweza kweli kuishi maisha mema, au wema wake ni wa juu juu tu? Wengi walijibu papo hapo kwamba haiwezekani. Niliomba tusome kwanza Mwanzo 20, maana Ibrahimu naye alilijibu swali hilo upesi, na jibu lake likaponza nyumba nzima ya watu.

Ibrahimu amehamia Gerari, kwa mfalme Abimeleki. Ni mgeni, ana mke, na ana hofu. Anatangaza kwamba Sara ni dada yake. Mfalme anatuma watu, Sara anachukuliwa. Usiku ule Mungu anamjia Abimeleki katika ndoto na kumwambia kwamba amekwisha kufa, kwa kuwa mwanamke aliyemchukua ni mke wa mtu. Abimeleki anajitetea: mwenyewe aliniambia ni dada yake, na Sara naye akasema huyu ni kaka yangu; moyo wangu mnyofu, mikono yangu safi. Mungu anaukubali utetezi huo.

Kumekucha, mfalme anawaita watumishi wake na kuwasimulia yote, nao wanaogopa sana. Kisha anamwita Ibrahimu na kumuuliza: Umetutenda nini? Nimekukosea nini? Uliona nini hata ukafanya hivi?

Jibu liko katika mstari wa 11. Ibrahimu anasema alidhani mahali hapa hapana hofu ya Mungu kabisa, na kwamba wangemuua kwa ajili ya mkewe.

Alidhani, basi. Hatusomi popote kwamba kuna mtu wa Gerari aliyemtishia. Aliwahukumu kabla hajawajua, na hukumu hiyo ndiyo iliyompa ruhusa ya kusema uongo. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: watu hawa hawana Mungu, kwa hiyo hawana mwiko, kwa hiyo mimi nami sidaiwi ukweli nikiwa nao. Naomba tuutazame vizuri mnyororo huo, maana bado tunautumia. Nimewasikia waamini wakieleza bila haya kwa nini walivunja ahadi waliyompa mtu fulani: "Yule si mtu wa Mungu, angetutenda vibaya vilevile." Yule mtu alikuwa ametimiza upande wake wote wa makubaliano.

Na Ibrahimu haishii hapo. Anaongeza kwamba Sara ni dada yake kweli, binti wa baba yake ila si wa mama yake. Kisha, mstari wa 13, anakiri kwamba alipoanza tu safari zake alimwomba Sara aseme hivyo kila mahali watakapofika. Kumbe ulikuwa utaratibu wao! Misri walikuwa wameshaufanya, sura ya 12. Sababu tatu anazitoa, na neno la kuomba radhi halimo hata katika moja.

Wazo la Ibrahimu limewahi kuandikwa hata na watu wenye akili nyingi. Mwaka 1689 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alitoa barua ya kutetea uvumilivu kati ya dini na dini, ila akawaweka kando wanaokana kuwako kwa Mungu, kwa hoja kwamba ahadi, mikataba na viapo haviwezi kuwafunga. Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka 1880, wapiga kura wa mji wa Northampton, Uingereza, walimchagua Charles Bradlaugh, ambaye hakuficha kwamba haamini, aingie bungeni. Kwa kuwa kiapo kilitaja jina la Mungu, aliomba aruhusiwe kutoa tamko la kweli badala ya kuapa. Alikataliwa. Aliposema basi ataapa, akakataliwa tena, kwa kuwa kiapo cha mtu kama yeye kilionekana hakina maana. Alichaguliwa tena na tena, akaruhusiwa kukaa kwenye kiti chake mwaka 1886, na sheria ya viapo ikabadilishwa mwaka 1888. Linalonigusa ni kwamba alizuiwa kwa sababu alisema ukweli mapema. Mtu mwongo angeapa kimya kimya siku ya kwanza na kukaa.

Turudi kwenye mstari wa 6, ambao kwangu ndio moyo wa sura hii. Mungu anamwambia Abimeleki: najua umefanya hivi kwa unyofu wa moyo, na mimi ndiye niliyekuzuia usinikosee. Kumbe Mungu alikuwa kazini Gerari bila kumtumia nabii wake Ibrahimu. Abimeleki hakuwa mtu asiyeamini chochote, hilo ni kweli. Lakini hakuwa wa agano, hakuitwa, hakuahidiwa lolote. Paulo anaandika jambo hilohilo katika Warumi 2:14–15, kwamba watu wasio na torati hutenda yaliyomo ndani yake, na dhamiri zao hushuhudia.

Niliwahi kukesha wodini na mgonjwa aliyepoteza fahamu. Muuguzi wa zamu alikuja usiku wa manane kumgeuza. Kabla ya kumgusa alimwita kwa jina, akamweleza anachotaka kufanya, halafu akamlowanisha midomo kwa pamba, taratibu, kona hadi kona. Hakuna msimamizi aliyekuwa akimwangalia, na mgonjwa hangeweza kumshukuru. Nilimwambia Mungu ambariki. Akatabasamu: "Asante, ingawa mimi hayo siyaamini." Akaenda kitanda cha pili.

Nifanye nini na wema ule? Nikiuita wa bandia, nitakuwa nasema uongo juu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Najua wapo watakaosema kwamba bila Mungu wema hauna msingi. Mimi naamini msingi ni Mungu. Lakini wema unatoka wapi ni swali moja, na nani anaweza kuutenda ni swali jingine. Anayekunywa kisimani halazimiki kwanza kumjua aliyekichimba. Muuguzi yule angeniambia msingi wake ni huruma, malezi na akili ya kuona kwamba mwenzake anaumia. Tungebishana, na mgonjwa angekuwa amekwisha kugeuzwa. (Kuhesabiana ukatili wa historia, wa wasioamini na wetu, naomba tusianze. Kila upande una makaburi yake.)

Basi kuamini kuna faida gani? Kijana yule aliuliza hivyo hasa, na ni swali la haki. Tazama mstari wa 7: Mungu anamwita Ibrahimu nabii, usiku uleule ambao mfalme wa kigeni amemzidi kwa uadilifu. Hakuitwa kwa sababu ya tabia njema kuliko majirani. Aliitwa kwa neema, akapewa ahadi, akapewa pia kazi: atamwombea Abimeleki, naye ataishi.

Abimeleki anamrudisha Sara. Anatoa kondoo, ng'ombe, watumishi na vipande elfu vya fedha, kisha anamwambia yule aliyemdanganya: nchi yangu iko mbele yako, kaa unapopenda. Ndipo Ibrahimu anaomba. Wanawake wa nyumba ya Abimeleki, ambao matumbo yao yalikuwa yamefungwa, wakazaa. Wakati huo Sara bado hana mtoto. Ibrahimu anakaribia miaka 100 na anawaombea wengine uzazi ambao mkewe hajaupata, nao wanaupata kabla yake.

Katika maombi ya juma hili, tumtaje kwa jina mtu mmoja asiyeamini aliyetutendea haki, na tumwombee heri ileile tunayoisubiri wenyewe. Juma lijalo tutasoma sura ya 21.