Mbwa Wako Ni Wako kwa Ushahidi Gani?

Katika mitaa mingi ya Nairobi, mazungumzo kuhusu wizi wa mbwa huanzia na kuishia ukutani: urefu wa ukuta, nyaya za umeme zilizo juu yake, kamera zinazotazama lango, na kampuni ya ulinzi yenye askari wasiosinzia. Siyapuuzi mambo hayo. Hata hivyo, kwa muda ambao nimefuga mbwa na kuwasaidia majirani kuwatafuta mbwa wao, nimeamini kwamba kinga tunayoisahau kuliko zote ni uwezo wa kuthibitisha, mbele ya afisa wa polisi asiyetujua, kwamba mbwa fulani ni wetu. Mwizi wa mbwa ni nadra kuiba ili afuge. Huiba ili auze, ili azalishe, au ili adai pesa za kumrudisha, na biashara hizo zinamnyookea pale ambapo mbwa anaweza kupita mikononi mwa watu bila yeyote kujua ametoka kwa nani.

Wanaoandamwa zaidi ni mbwa wa nasaba inayojulikana, kama vile German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, pamoja na wale wadogo wenye manyoya meupe wanaopendwa na familia zinazoishi kwenye fleti. Jike ambaye hajafungwa kizazi ana thamani ya pekee machoni pa mwizi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na jike wa German Shepherd anaweza kuzaa watoto wanane kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo aliyemwiba jike mmoja leo huenda akawa na bidhaa ya kuuza kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana mimi huwasihi watu wasiokusudia kuzalisha mbwa wao wamwone daktari wa mifugo mapema, dume ahasiwe na jike afungwe kizazi, kisha jambo hilo liandikwe kwenye kadi na litajwe waziwazi kila unapotoa tangazo kuhusu mbwa huyo. Mbwa asiyeweza kuzaa humpunguzia mwizi sababu moja kubwa ya kumchukua.

Wengi wetu hudhani wizi hutokea usiku wa manane. Desturi ya Nairobi ni kumfungia mbwa kibandani mchana na kumfungulia usiku, na mwizi anaijua desturi hiyo vizuri kama sisi. Mchana mbwa yuko mahali pamoja, wenye nyumba wako kazini, na lango linafunguliwa mara kwa mara kwa anayeleta gesi, anayesoma mita ya maji, fundi wa bomba na kijana wa bodaboda mwenye kifurushi. Isitoshe, mbwa anayeshinda kibandani hajawahi kuijua barabara iliyo nje ya lango lake. Akishatolewa, hata akiponyoka mikononi mwa mwizi, hajui njia ya kurudi. Kumtembeza mbwa kwa kamba mtaani, asubuhi au jioni, kunamfundisha njia hiyo na kuwafundisha majirani sura yake, ingawa ni vizuri kubadilisha saa na njia ili mtu anayevizia asipate ratiba ya kuifuata.

Chambo cha kawaida ni nyama, wakati mwingine ikiwa imetiwa dawa ya kulevya. Mbwa anaweza kufunzwa kutokula kitu chochote kisichowekwa kwenye bakuli lake na mtu anayemfahamu, na mafunzo hayo hayahitaji mtaalamu ghali. Yanahitaji mtu mmoja wa nyumbani anayetoa chakula kwa neno lile lile kila siku, na mgeni anayekubali kuja mara kwa mara kumjaribu kwa kipande cha nyama kilicho salama, huku mbwa akituzwa kwa chakula kizuri zaidi kila anapokataa. Yaendeleze kwa miezi, kwa sababu mbwa husahau kile asichokirudia.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu kulisema lakini ni la lazima. Katika nyumba nyingi, anayemlisha mbwa, anayemwogesha na kumfungulia ni mfanyakazi, wala si mwenye nyumba, na mbwa humfuata yule anayemlisha. Wenye nyumba wakiibiwa, lawama ya kwanza humwangukia mlinzi au mtunza bustani, mara nyingi bila ushahidi wowote. Kwa maoni yangu mfanyakazi huyo ndiye mshirika wa kwanza katika ulinzi. Alipwe vizuri na kwa wakati, apewe namba ya daktari wa mifugo, aelezwe kwamba hakuna mtu atakayekuja kumchukua mbwa “kwa niaba ya bosi” bila yeye kupigiwa simu na bosi mwenyewe, na asikilizwe anaposema kwamba kuna gari ambalo limepita mara nyingi polepole mbele ya lango.

Sasa niseme kuhusu chipu, ambayo watu wengi wameisikia na wachache wameiona. Ni kijibomba cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, kisicho na betri, ambacho daktari hukiingiza kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega ya mbwa. Ndani yake mna namba moja tu. Kisomeo, yaani kifaa cha kusomea chipu, kinaposogezwa karibu hutoa mawimbi ya redio, chipu huamka kwa nishati ya mawimbi hayo, na namba yenye tarakimu 15 hutokea kwenye kioo cha kisomeo. Chipu zinazofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na ISO 11785 hutumia masafa ya kilohezi 134.2, kwa hiyo aliyewekewa Nairobi anaweza kusomwa Dar es Salaam, Kampala au London. Mwambie daktari akuonyeshe namna ya kusoma: kisomeo hupitishwa polepole juu ya mabega, kisha ubavuni na hata kwenye miguu ya mbele, kwa sababu chipu huweza kuhama kutoka pale ilipowekwa. Nimemwona mhudumu wa kliniki akipitisha kisomeo mara moja tu, kwa haraka, na kusema mbwa hana chipu, kisha mwenzake akakirudia taratibu na namba ikatokea karibu na bega la kushoto.

Chipu haikuonyeshi mbwa alipo. Hiyo ni kazi ya kifaa cha GPS kinachofungwa shingoni, ambacho kina betri ya kuchajiwa na ambacho mwizi anaweza kukikata na kukitupa mtaroni. Chipu pia haina maana ikiwa namba yake haijaandikwa mahali pamoja na jina lako na simu yako. Uliza kliniki namba hiyo inahifadhiwa katika rejista ipi, omba uthibitisho wa maandishi, na kila unapobadilisha laini ya simu au kuhama nyumba, peleka taarifa mpya. Chipu yenye namba ya simu iliyokufa inamwacha mbwa bila mwenyewe.

Mkanda wa shingoni wenye kibati cha namba ya simu bado una faida, hasa kwa mbwa aliyepotea tu na kuokotwa na mtu mwema. Jina la mbwa lisiandikwe hapo, kwa kuwa mwizi akilijua ataliita, na mbwa akiitika atawaaminisha watazamaji kwamba aliye naye ndiye mwenyewe.

Nilielewa uzito wa ushahidi kupitia jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye jike wake wa German Shepherd aliibwa na baadaye akaonekana katika uwanja wa nyumba ya watu wengine upande wa pili wa jiji. Familia ile ilisema imemnunua kwa pesa taslimu, na sikuona sababu ya kutowaamini. Kituoni, kila upande ulikuwa na picha kwenye simu, na mbwa mwenyewe aliitikia majina yote mawili aliyoitwa. Afisa aliyekuwa zamu akasema kwa upole, “Mwalimu, niletee kitu kinachoonyesha kwamba mbwa huyu ni wako na si wa kufanana naye.” Mwalimu alikuwa na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyogongwa muhuri mwaka baada ya mwaka, na kwenye ukurasa mmoja daktari alikuwa ameandika kwa mkono kwamba ameshona jeraha ndani ya sikio la kulia. Afisa aliligeuza sikio lile chini ya taa, kovu likaonekana, na mazungumzo yakabadilika. Bila ule mstari mmoja wa mwandiko wa daktari, sijui angemkomboa vipi.

Kwa hiyo kila mwenye mbwa awe na faili. Iwe na kadi ya chanjo, risiti za daktari, namba ya chipu, mkataba au risiti ya ununuzi, na cheti cha nasaba kwa wale waliosajiliwa na East Africa Kennel Club. Iwe pia na leseni inayotakiwa na sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa. Picha zipigwe kutoka pande zote mbili, uso kwa mbele, tumbo, nyayo, meno, na kila kovu au doa lisilo la kawaida, zikiwemo nyingine ambazo ninyi wenyewe mmo pamoja na mbwa. Zihifadhiwe mahali pengine zaidi ya simu, kwa kuwa simu nayo huibwa.

Sheria yetu ina pengo linaloniudhi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inamtambua mnyama anayefugwa kuwa kitu kinachoweza kuibwa, na hilo linamhusu mbwa. Lakini kifungu cha 278, kinachoadhibu wizi wa mifugo kwa kifungo kisichozidi miaka 14, kinataja farasi, punda, ngamia, mbuni, ng’ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe. Mbwa hayumo. Aliyemwiba mbwa hurudi kwenye adhabu ya jumla ya wizi chini ya kifungu cha 275, ambayo ni miaka mitatu. Nchini Uingereza, bunge lilipitisha mwaka 2024 sheria inayofanya kumteka mbwa au paka kuwa kosa la peke yake, lenye adhabu ya hadi miaka mitano katika England na Ireland ya Kaskazini, kwa hoja kwamba mnyama wa nyumbani si sawa na baiskeli. Ningependa wabunge wetu waisikilize hoja hiyo. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1966 inayolinda wanyama wa maabara ilichochewa na mbwa mmoja aina ya Dalmatian, Pepper, aliyetoweka Pennsylvania mwaka 1965 na kufia katika maabara ya hospitali mjini New York huku wenyewe wakimtafuta.

Kuna kifungu kimoja ambacho wanunuzi wangepaswa kukijua zaidi. Kifungu cha 322 kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yake inafika miaka 14. Mtu anayemnunua mbwa mkubwa wa nasaba kando ya barabara kwa bei ya kutupa, kutoka kwa muuzaji asiye na kadi ya chanjo na anayetaka pesa haraka, anapaswa kujiuliza angemjibu nini hakimu.

Mbwa akiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, ripoti iandikwe na upewe namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako katika kitabu cha matukio cha kituo, kwa sababu bila namba hiyo hakuna atakayekusikiliza utakapomkuta mbwa kwa mtu mwingine. Wapelekee picha na namba ya chipu kliniki za karibu na KSPCA, shirika la kutetea wanyama ambalo hupokea mbwa wengi waliookotwa. Fuatilia matangazo ya kuuza mbwa mtandaoni, ukitafuta nasaba na wala si jina. Unapoandika tangazo lako, usitaje alama zote. Bakiza moja, kwa mfano doa lililo chini ya taya, ili kila anayepiga simu na kusema amempata umuulize kuhusu alama hiyo. Matapeli husoma matangazo haya na huomba watumiwe pesa kwa M-Pesa, ati za nauli au za matibabu, kabla hujamwona mbwa. Mwombe akupigie simu ya video, amgeuze mbwa kichwa mbele ya kamera, na usitume hata shilingi kabla ya hapo.

Usiandike pia kwamba “hatutauliza maswali.” Maneno hayo yamezoeleka, na nayaelewa, kwa kuwa mtu aliyepoteza mbwa hutaka tu arudi. Lakini Kanuni ya Adhabu inakataza kutangaza hadharani zawadi ya kurudishiwa mali iliyoibwa au kupotea kwa ahadi kwamba maswali hayataulizwa, na sababu yake ni nzuri: ahadi hiyo inaufanya wizi wa kudai pesa kuwa kazi isiyo na hatari. Zawadi unaweza kuitoa. Makabidhiano yafanyike mahali pa watu wengi, ukiwa na mwenzako, na polisi wakijua saa na mahali.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa madaktari wa mifugo. Kila mbwa anayeletwa kliniki kwa mara ya kwanza na asomwe chipu, kama vile anavyopimwa uzito, na namba iliyopatikana ilinganishwe na jina la aliyemleta. Hatua hiyo huchukua dakika chache, na hufanyika pale pale ambapo mbwa wengi walioibwa hatimaye hufikishwa, kwa kuwa hata aliyenunua kwa mwizi atahitaji chanjo.