Siku tuliyopanda kuona ufa

Mwaka 2019 nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima kule Bududa, mlima Elgon, Uganda, na kama unaijua Bududa basi unajua kwa nini tulikuwa tunaomba pesa ya kujikinga na maporomoko ya ardhi. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka Bukalasi na matope na mawe makubwa na miti mizima, ukaua watu zaidi ya 40. Na kabla ya hapo kuna Nametsi, tarehe 1 Machi 2010, mlima ulifunika kijiji pamoja na kituo cha afya, waliokufa walikadiriwa kupita 300 na wengi hawajafukuliwa mpaka leo.

Kitu kilichokuwa kinaniuma sana ni hiki. Mlima ukishaua, misaada inakuja, mablanketi, maturubai, unga wa posho, maharagwe, magari yamejaa barabarani mpaka bodaboda hazipiti. Lakini omba hela kidogo tu kabla haujashuka uone, lete cheti cha usajili, lete barua ya LC1, yaani serikali ya kijiji, fungua akaunti benki na watu watatu wa kusaini, lete bajeti, lete kitabu cha vikao, onyesha na nyinyi wenyewe mnachangia nini, na benki yenyewe iko mbali, nauli tulikuwa tunatoa kwenye sanduku la kikundi ambalo ni akiba za akina mama.

Sasa shirika moja lilikuwa linatoa ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi vya vijijini kujikinga na majanga, tukajaza fomu, wakasema watakuja kuona. Wakaja wawili, afisa mmoja mwanamke kutoka Kenya na kijana wa kupiga picha. Gari lilishindwa na utelezi wakaliacha kule chini wakapanda kwa miguu, hilo tu lilinifanya nimheshimu yule dada.

Mwenyekiti akakaribisha, hotuba ndefu kama kawaida. Kisha afisa akafungua faili akauliza, jamani mmeandika hapa mlima unapasuka, mnajuaje? Mmepima? Watu kimya. Ndio swali ambalo kwenye fomu tulikuwa tumelijibu kwa mstari mmoja.

Akasimama mama mmoja mjane, mzee wetu, alikuwa anauza ndizi Lwakhakha mpakani miaka mingi kwa hiyo Kiswahili cha sokoni anacho chote. Akasema, "Mwanangu, magoti yako mazima? Twende nikuonyeshe."

Tukapanda wote. Shamba lake la kahawa liko juu kabisa, migomba imechanganyika na kahawa, na chini ya majani makavu ya migomba kuna ufa, unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko hugusi chini. Mama alikuwa amepigilia vigingi viwili vya mti wa kahawa, kimoja upande huu kimoja upande ule, katikati amefunga kamba ya mgomba. Afisa akaigusa, imekaza kama uzi wa gitaa. Mama akamweleza, ikikaza hivi nakata nafunga nyingine ndefu zaidi, zile za zamani situpi. Kweli, zilikuwa zinaning'inia kwenye paa la jiko lake, zimepangwa kuanzia fupi mpaka ndefu! Alianza tu baada ya Bukalasi. Na mimi katibu, jirani yake, nilikuwa napita hapo chini kila siku na sijawahi kumsikia akilitaja.

Afisa akatoa futi, akazipima moja moja, akaandika. Halafu akauliza kwa nini panakatika hapa na sio pale ng'ambo, hapo wazee ndio wakafunguka, kila mtu anaongea. Udongo wetu ni mzito na unakunywa maji, mvua ikinyesha siku nyingi maji yanashuka mpaka yanakutana na sehemu ngumu huko chini yanakaa hapo, ule wa juu unakuwa mzito unateleza. Na sisi tumekata miti, tumechimba mteremko kupata pa kujenga nyumba, maana watu tumekuwa wengi na shamba ni lile lile la babu.

Kabla hawajashuka mama akauliza swali lake. Hii pesa yenu, inaweza kuninunulia kiwanja kule chini kwenye tambarare?

Yule dada alinyamaza kidogo. Akasema, "Hapana mama. Hainunui ardhi." Hakuzunguka, na mimi nilimshukuru kwa hilo ingawa jibu lilinichoma. Mtu mmoja akataja Bunambutye kule Bulambuli ambako serikali ilikuwa imeanza kuhamishia watu mwaka ule ule, lakini nyumba zenyewe chache na mlima una watu wangapi. Mama akasema mdogo wake alipelekwa Kiryandongo baada ya Nametsi, akarudi, kule mbali na hakuna kahawa.

Ruzuku ilitoka, pungufu ya tulichoomba. Tulinunua majembe, miche ya miti, nyasi za vetiva za kushika udongo, kipima mvua na kipaza sauti cha mkononi, tukachimba fanya juu, yale matuta ya kuzuia udongo, kwenye mashamba ya mteremko. Na kwenye bajeti afisa mwenyewe alituambia tuongeze mstari wa vigingi na kamba kwa kila ufa unaojulikana, na mtu wa kuzikagua kila mvua ikinyesha. Ule mstari naupenda kuliko yote niliyowahi kuandika.

Mama bado yuko juu. Miezi ya mvua analala kwa mwanawe huku chini, asubuhi anapanda kuangalia mbuzi na kamba zake. Mimi naendelea kujaza fomu, za mashirika tofauti tofauti, na kila nikifika kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa natafuta neno ardhi kwanza. Sijalikuta bado.