Albamu mpya ya roki: usiihukumu kwa spika ya simu

Tangu 2015 albamu nyingi duniani hutoka Ijumaa, na Jumamosi haijaisha mashabiki wameshagawanyika: wengine wanasema bendi imekomaa, wengine imekwisha. Kwa bendi za indie, yaani zile zenye asili ya nje ya kampuni kubwa za muziki, hukumu nyingi za siku hiyo zinahusu kifaa kilichotumika kusikiliza kuliko nyimbo zenyewe.

Anza na besi. Uzi mnene kabisa wa gita la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubanwa, hutoa sauti nzito sana, ya hezi 41 hivi. Spika ya simu haifiki huko hata kidogo. Na katika roki ya indie mara nyingi besi ndiyo inayobeba melodi huku magita mengine yakivuma tu juu yake, kwa hiyo ukiikosa utasema wimbo hauna kichwa wala miguu. Vaa hedifoni, na sauti isiwe chini mno: watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipungua, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Desibeli 75 hivi zinatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidishe saa 40 kwa wiki ukiwa kwenye desibeli 80.

Kwenye programu yako ya muziki, zima uchezaji wa kuruka-ruka (shuffle). Zima pia kipengele kinachopandanisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, maana kinameza sekunde zile ambapo gita limeachwa life lenyewe. Kile kinachofanya nyimbo zote zisikike kwa ukubwa sawa wa sauti kiache kikiwa kimewashwa, hasa ukitaka kulinganisha na albamu iliyopita. Bila hicho, yenye sauti kubwa zaidi itaonekana bora hata kama si bora.

Jihadhari na singo zilizotangulia, yaani nyimbo zilizotolewa moja moja kabla ya albamu. Umezisikia wiki kadhaa, na mwanasaikolojia Robert Zajonc alishaeleza mwaka 1968 kwamba tunapenda zaidi tulichokwisha kuzoea. Ndiyo maana siku ya kwanza singo huonekana kuwa nyimbo kali kuliko zote. Bendi ya Arctic Monkeys walilikwepa hilo Mei 2018: walitoa albamu ya *Tranquility Base Hotel & Casino* bila singo hata moja kabla yake. Waliozoea magita mazito ya albamu yao ya *AM* ya 2013 wakakutana na piano, na wengi wakashtuka. Mimi naona walifanya vizuri. Nyimbo zote zilianza mstari mmoja.

Suala la sauti kukwaruza linahitaji sikio tulivu. Kwenye albamu ya *Is This It* ya bendi ya The Strokes, ya 2001, sauti ya mwimbaji ilipitishwa makusudi kwenye kikuza sauti kidogo cha kufanyia mazoezi. Namna ya kutofautisha: sikiliza matoazi. Sauti ya mtu ikikwaruza huku matoazi yakibaki safi, ni uamuzi wa bendi. Kila kitu kikivunjika pamoja kiitikio kinapoingia, sauti ilisukumwa kupita kiasi katika hatua ya mwisho ya studio, na hakuna hedifoni itakayoliponya hilo.

Ukiona wimbo wa tano au wa sita umepoa ghafla, usikimbilie kusema albamu imechoka. Huenda ilipangwa kwa ajili ya santuri, na hapo ndipo upande wa kwanza unapoishia. Ya inchi 12 hupitisha mfereji chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na katikati ni kama 21 tu, na huko sauti kali huharibika kwa urahisi. Nyimbo tulivu huwekwa mwishoni mwa upande kwa sababu hiyo.

Mashairi yaache hadi mara ya pili. Mara ya tatu fuata drami peke yake, hasa ubeti wa pili: mpigaji makini haurudii wa kwanza. Atahama kwenye matoazi pacha (hi-hat) aende kwenye ngoma ya chini, au ataondoa pigo moja ili neno la mwimbaji lipate nafasi.